Stata Imegoma Baada ya Kubadilisha Injini na Giaboksi: Jinsi ya Kufuata Umeme Hadi Unapokwama

Injini ya mtumba imeshaingia, giaboksi imefungwa, oili imejazwa, na watu wamesogea kuona. Ufunguo unazungushwa: kimya. Au tiki moja, basi. Kinachofuata kwenye gereji nyingi ni kijana kutumwa Gerezani kama mko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama mko Nairobi, kununua stata nyingine. Jioni stata hiyo nayo inagoma vilevile.

Gari lililokuwa likiwaka kabla ya kazi na likagoma baada ya kazi, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kilichofunguliwa na kufungwa upya. Stata yenyewe ndani huwa haikufunguliwa. Vilivyofunguliwa ni kebo za betri, waya za ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), plagi za giaboksi, na ile swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia. Humo ndimo umeme unamokwama mara nyingi, na unaweza kuufuata hatua kwa hatua hadi pale hasa ulipokatikia, bila kununua kitu.

Mfano wangu mkuu ni Toyota Hiace iliyotolewa giaboksi ya otomatiki ikawekwa ya manuali, maana wenye matatu na daladala huifanya sana kazi hiyo. Corolla, Noah au Land Cruiser hazitofautiani sana, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kabla ya kugusa chochote

Gari likae tambarare, handibreki juu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu, gia iwe fri. Usilichukulie hili kama maneno ya desturi. Gari lililokuwa otomatiki lilikuwa na kinga: likiwa kwenye D, stata haipati umeme. Ukishatoa giaboksi hiyo, kinga imeondoka nayo. Stata ina nguvu ya kusogeza gari zima likiwa gia ya kwanza, na aliye chini ya uvungu hana muda wa kukimbia.

Zuia injini isiwake wakati unapima. Kwenye petroli chomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta. Kwenye dizeli za zamani chomoa waya wa solenoidi (koili inayovuta chuma ikipata umeme) ya kukata mafuta, iliyo kwenye pampu. Vua pete na saa ya chuma. Na kila unapotaka kulegeza au kukaza nati ya stata, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri. Kwenye magari mengi kebo nene ya stata haina fyuzi hata moja njiani, kwa hiyo spana ikigusa nati hiyo na bodi kwa pamoja inachomelea hapohapo.

Vifaa si vingi: multimita, taa ya kupimia uliyoitengeneza kwa bulbu ya indiketa ya wati 21 na nyaya mbili, kebo moja nzuri ya kubusti, brashi ya waya, msasa, na mtu wa kuzungusha ufunguo. Bulbu hiyo usiidharau. Multimita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba. Bulbu ya wati 21 inavuta karibu ampia 1.75, na waya mbovu unajulikana papo hapo kwa mwanga wake hafifu.

Njia mbili, nene na nyembamba

Stata ina njia mbili za umeme, na fundi asiyezitenganisha kichwani atahangaika siku nzima.

Njia nene inatoka chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye nati kubwa ya stata, iliyoandikwa 30. Umeme unapita ndani ya mota, unatokea kwenye gamba la stata, unaingia kwenye injini, kisha unarudi hasi ya betri kupitia kebo ya ethi. Injini ndogo ya petroli inavuta kati ya ampia 100 na 200 wakati wa kuzungusha. Dizeli ya lita 3 inaweza kupita 300.

Njia nyembamba ndiyo ya amri. Inatoka betri, inapita fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama (ya P/N, yaani Park na Neutral, kwenye otomatiki, au ya klachi kwenye manuali), rilei ya stata (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), hadi kwenye plagi ndogo iliyoandikwa 50. Namba hizi 30 na 50 zilitokana na kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, na Toyota nao wanazitumia kwenye stata zao. Nati ya tatu, C, ndiyo inayopeleka umeme kutoka solenoidi kwenda kwenye mota.

Ndani ya solenoidi mna koili mbili. Moja inavuta kwa nguvu, nyingine inashikilia tu. Ile ya kuvuta inapata ethi yake kupitia mota yenyewe, kwa nati ya C. Kaboni za mota zikiisha kabisa, solenoidi nayo inalegea hata kama 50 ina umeme wa kutosha. Ile ya kushikilia inapata ethi kwenye gamba. Ukijua hili, sauti za stata zinaanza kukwambia kitu.

Sikiliza kwanza

Washa taa kubwa, kisha mwambie msaidizi apige stata, nawe usikilize na kutazama taa.

Kimya kabisa, taa hazibadiliki: amri haifiki. Tatizo liko njia nyembamba, na usipoteze muda kwenye kebo nene.

Ta-ta-ta-ta ya haraka, taa zinazimika na kurudi: volti inaanguka kila mota inapoanza kuvuta, koili ya kushikilia inaachia, inavuta tena. Betri imeisha, au ethi ni mbovu.

Tiki moja nzito na taa zinafifia sana: mota inavuta lakini haizunguki. Pinioni, gia ndogo ya stata, imekwama kwenye meno ya flaiwili, injini imebana, au stata imekufa.

Tiki moja nzito na taa hazitetereki: solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haupiti. Kagua nati ya 30, kebo yake, ethi ya injini, na kontakti za shaba ndani ya solenoidi.

Mlio wa mota inayozunguka bure bila injini kusogea, au kelele ya chuma kusagana, hilo si la waya. Nitalifikia.

Betri, haraka haraka

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu, na 12.0 usianze kupima chochote, ichaji kwanza. Gari likikaa gereji wiki mbili huku redio ikiwaburudisha mafundi, betri haina kosa. Kisha pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri wakati stata inapigwa: isishuke chini ya 9.6. Ikishuka ilhali betri ni nzima, kuna kitu kinavuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya 12 na stata imelala, umeme hautoki, na sasa kazi imeanza.

Ethi ya injini

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye gari lililobadilishwa injini, ningekagua ethi. Injini imekalia mipira. Haigusani na bodi kwa chuma isipokuwa pale ulipoiunganisha mwenyewe. Injini ya zamani ilikuwa na msuko wa shaba au kebo nyeusi kutoka kwenye bloku au giaboksi hadi kwenye chasi. Wakati wa kuitoa, kebo hiyo ilifunguliwa ikaning'inizwa, na wakati wa kurudisha hakuna aliyeikumbuka. Pengine imefungwa, lakini juu ya rangi mpya ya kunyunyizia ambayo fundi aliipaka giaboksi ili ipendeze.

Umeme usipopata ethi halali unatafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya handibreki, bomba la chuma. Ukiona kebo ya pedali ya mafuta inapata moto au kutoa moshi wakati wa kupiga stata, acha papo hapo. Ampia 150 zinapita kwenye uzi wa chuma ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Upimaji wake ni mwepesi. Weka multimita kwenye volti za DC. Uchokoo mweusi wa multimita uwe kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, yaani kwenye risasi, usiweke kwenye klipu. Uchokoo mwekundu kwenye chuma kisicho na rangi cha gamba la stata. Piga stata. Usomaji unatakiwa uwe volti 0.2 au chini. Ukiona 0.5 kuna uchafu mahali. Ukiona 3 au zaidi, ethi haipo. Sogeza uchokoo mwekundu kutoka stata kwenda bloku, kisha kwenye bolti ya kebo, kisha kwenye kichwa cha kebo. Pale namba inaporuka ndipo penye kosa.

Kwa nini usipime kwa omu? Kwa sababu omu hudanganya kwenye kebo nene. Kizuizi cha omu 0.01 tu, ambacho multimita ya kawaida haikioni, kikipitisha ampia 150 kinakula volti 1.5. Kebo itasoma sifuri na stata itaendelea kulala.

Uthibitisho wa haraka: bana kebo ya kubusti kutoka hasi ya betri hadi kwenye bolti safi ya injini, kisha piga stata. Ikizunguka, umemaliza uchunguzi. Weka ethi ya kudumu: kebo ya milimita za mraba 25 kwa petroli, 35 hadi 50 kwa dizeli, kichwa kimoja kwenye bolti ya giaboksi karibu na stata, kingine kwenye chasi palipokwanguliwa hadi chuma king'ae. Ukishakaza, paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Kwa gari la pwani, grisi hiyo usiiruke.

Kebo nene ya chanya

Kipimo ni kilekile upande wa pili: uchokoo mmoja kwenye kichwa cha chanya cha betri, mwingine kwenye nati 30, piga stata. Volti 0.5 ndiyo mwisho. Kila kiungo kimoja kisizidi 0.1. Injini mpya mara nyingi ina stata upande tofauti na ile ya zamani, na kebo ikawa fupi; nimeona viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa nailoni nyeusi. Kebo ya stata haiungwi hivyo. Nunua kebo nzima ya urefu unaotosha, vichwa vibanwe kwa mashine ya kubania.

Halafu kagua sehemu ambayo stata inakaa kwenye giaboksi. Stata inapata ethi kwa uso huo. Ukiupaka rangi au ukaacha gundi ya gasketi, umeikatia stata njia ya kurudi.

Waya mdogo wa 50

Chomoa plagi ndogo ya stata. Weka taa ya kupimia kati ya waya huo na ethi, mwambie msaidizi apige stata. Ikiwaka kwa nguvu, amri inafika. Rudisha plagi, pima volti ikiwa imeunganishwa, na ukipata 10 au zaidi huku stata imelala na njia nene umeshaihakiki, sasa una haki ya kuilaumu stata.

Isipowaka, rudisha plagi, kisha gawanya njia katikati badala ya kufuata waya kutoka mwanzo. Katikati ni rilei ya stata. Ichomoe. Tundu zake nne: moja ina umeme muda wote au ufunguo ukiwashwa, moja inakwenda stata, mbili ni za koili. Unganisha kwa sekunde moja tundu la umeme na lile la stata, kwa kipande cha waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi. Stata ikizunguka, kila kitu kutoka rilei hadi stata ni kizima, na kosa liko upande wa koili: ufunguo, swichi ya usalama, au ethi ya koili. Isipozunguka, waya kati ya rilei na stata umekatika, au plagi yake imechomekwa kwenye kitu kingine. Plagi ya uzi mmoja ya swichi ya presha ya oili hufanana na ya stata kwenye injini kadhaa, na zote mbili zinaning'inia eneo lilelile.

Rangi za waya usiziamini kupita kiasi. Injini iliyokatwa Japani ikiwa na wayaringi yake nusu, ikaunganishwa na wayaringi ya gari lingine, inaweza kubadili rangi mara tatu njiani. Amini taa ya kupimia.

Kutoka P/N kwenda klachi

Hiki ndicho kiini cha kazi ya otomatiki kwenda manuali. Swichi ya P/N ilikaa ubavuni mwa giaboksi ya zamani na imeondoka nayo. Plagi yake imebaki hewani, na njia ya amri imekatikia humo. Ndiyo maana gari linakuwa kimya kabisa.

Plagi hiyo ina nyaya nyingi, na unazohitaji ni jozi mbili. Kama bado unayo giaboksi ya zamani, usiiuze kabla ya kufanya hivi: weka multimita kwenye mlio wa mwendelezo, sogeza lever. Jozi inayolia kwenye P na N pekee ni ya stata. Jozi inayolia kwenye R pekee ni ya taa za rivasi. Andika nafasi zake kwenye plagi, kisha zitafute upande wa gari. Kama swichi haipo, ufunguo ukiwa kwenye stata mmoja wa waya utaonyesha umeme ambao haupo ufunguo ukiwa kwenye ON. Huo ndio mwanzo wa jozi ya stata. Kwenye baadhi ya magari swichi hii iko upande wa ethi wa koili ya rilei, na hapo hutaona umeme wa stata kabisa, utaona ethi. Pima yote mawili kabla ya kuunganisha.

Njia ya mkato anayoifanya kila mtu ni kuziunganisha nyaya mbili za stata moja kwa moja. Gari linawaka, mteja analipa. Siku moja mtoto au dereva mgeni anazungusha ufunguo gia ikiwa ndani, na gari linaruka mbele ukutani au juu ya mtu. Mimi sipendi kazi hiyo. Swichi ya klachi ni ya bei ndogo, na mabano mengi ya pedali ya Toyota ya manuali yana tundu lake tayari. Chagua swichi inayounganisha umeme pedali ikikanyagwa na kuukata ikiachwa. Kuna nyingine ya kruzi (kifaa cha kushikilia mwendo) inayofanya kinyume, usizichanganye. Waya mmoja wa jozi ya stata uingie swichi ya klachi, wa pili utoke, basi.

Jozi ya rivasi iende kwenye swichi iliyo juu ya giaboksi ya manuali. Isahau, na trafiki atakukumbusha.

Mambo mawili madogo huibuka hapa. Kwenye baadhi ya magari ufunguo unagoma kutoka, kwa sababu kufuli lake bado linasubiri lever ya otomatiki iseme P. Suluhisho liko kwenye kebo au solenoidi ya kufuli hiyo, usivunje silinda ya ufunguo. La pili, kompyuta ya injini ilikuwa ikisoma P/N kurekebisha sailensa, yaani mzunguko wa taratibu wa injini, kwa hiyo mzunguko huo ukipanda au kushuka ovyo baada ya kazi hii, anza kutazama waya huo.

Rilei ya nyongeza

Kama swichi ya ufunguo imechoka, au waya wa amri ni mrefu na 50 inapata volti 8 tu, ongeza rilei ya ampia 40. Namba 30 ya rilei ichukue umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampia 30. Namba 87 iende plagi 50 ya stata kwa waya wa milimita za mraba 4. Namba 86 ipokee waya wa zamani wa amri. Namba 85 iende ethi kupitia swichi ya klachi. Swichi ya klachi sasa inabeba mkondo mdogo tu wa koili na itadumu. Ukiwa umeshaipitisha klachi kwenye njia ya amri, 85 iende ethi moja kwa moja.

Stata isiyo ya injini hiyo

Mlio wa mota inayozunguka bure au chuma kusagana unatokana na kuchanganya vipande. Flaiwili ya manuali na sahani ya otomatiki huweza kutofautiana kipenyo, idadi ya meno, au umbali kutoka ukingo wa giaboksi. Stata ifuate giaboksi na flaiwili zilizofungwa sasa hivi, hata kama injini ilikuja na nyingine. Hesabu meno ya pinioni, linganisha urefu wa pua.

Na kuna mtego wa volti 24. Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Coaster zenye injini ya 1HZ zilizouzwa Japani nyingi zilikuwa za volti 24. Injini hiyo ikiingia kwenye gari la volti 12, stata inajivuta au haivuti kabisa, na ukihangaika na kebo hutapata kosa lolote. Soma kibati cha stata. Kikisema 24, usibadilishe stata peke yake: alteneta, plagi za joto na solenoidi ya mafuta navyo ni vya 24.

Inazunguka lakini haiwaki

Kompyuta nyingi za Toyota zinapokea taarifa ya STA, yaani umeme uleule wa amri ya stata, ili zijue injini inazungushwa. Kwenye injini za EFI za zamani waya huo pia huwasha pampu ya mafuta wakati wa kuanza. Fundi akiweka kitufe cha pembeni kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye 50, stata inazunguka vizuri, lakini STA ni tupu na pampu imelala. Rudisha amri kwenye njia yake halali.

Ikiwaka sekunde moja na kuzima, angalia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Kompyuta iliyokuja na injini haiutambui ufunguo wako, na imobilaiza (kinga ya wizi) inakata mafuta. Hapo kazi ya stata imeisha na ya kompyuta imeanza.

Kufunga kazi

Waya wa 50 upite mbali na ekzosti, ndani ya bomba la plastiki, ukiwa umefungwa kwenye bloku, na uachwe ulegee kidogo kwa sababu injini inatikisika. Viungo vilehemiwe au vibanwe kwa mashine na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto.

Rudisha fyuzi ya EFI, au waya wa solenoidi ya mafuta kwenye dizeli. Jaribu mara tatu: gia fri na klachi imekanyagwa, iwake; gia fri na klachi imeachwa, iwe kimya; gia ya kwanza na klachi imeachwa, kabari zikiwa mahali pake, iwe kimya. Kisha endesha nusu saa hadi injini ichemke vizuri, zima, subiri dakika kumi, piga tena. Kiungo kibovu kinachojificha injini ikiwa baridi mara nyingi hujitokeza hapo, na kipimo cha 0.2 na 0.5 kirudiwe injini ikiwa bado ya moto kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo.